Maneno Niliyoyasema Mbele ya Komisheni ya Nyumba

Zaina,

Sianzi na salamu. Tumeamka nyumba moja leo, tumepishana mlangoni zaidi ya mara moja, na hukunisalimia, basi nami sitajifanya kwenye karatasi kwamba mambo ni shwari. Umekwenda Buyenzi kuwaaga rafiki zako. Baba yako yuko msikitini, na akitoka huko atakaa barazani na wazee wenzake. Nina alasiri hii yote mpaka mtakaporudi jioni, kabla askari hawajafunga njia, na nitaitumia. Barua nitaitia ndani ya sanduku lako, katikati ya vitenge vya shangazi yako, uikute ukifika Kigoma. Ningekupa mkononi ungeiacha mezani bila kuifungua. Nakujua. Kichwa hicho kigumu hukukiokota barabarani, umekitoa kwangu.

Usitafute humu maneno ya kula vizuri na kulala mapema na kumheshimu shangazi. Hayo unayajua, na usipoyajua utafundishwa na wengine. Nakuandikia juu ya jambo moja tu, lile uliloniambia siku uliporudi kutoka saluni. Ulisimama mlangoni, nywele zimesukwa nusu, nusu zimefumuka, ukasema, "We mama, ulimuvua baba nguo mbele ya watu." Hukungoja jibu. Uliingia chumbani ukajifungia. Tangu siku ile unanijibu "ndiyo" na "apana" kama askari wa kizuizini, na kwa Mungu, wale askari wana uso mwema kuliko wako.

Leo ninajibu. Na nakuambia mapema, usije ukasoma mpaka mwisho ukitafuta neno la kuomba radhi. Halimo.

Wewe Kinanira uliijua ya likizo. Ulikuwa bweni Gitega, ukija unasimama nje unatazama ziwa kule chini, unasema, "Mama, huku kuna hewa nzuri." Hewa ilikuwepo, sikatai. Nyumba yetu ilipoungua pamoja na mtaa wote, yule binamu wa baba yako alitupa chumba chake kule juu kabisa, mahali ambapo gari halifiki, na tulimshukuru. Njia ya kupanda ilikuwa ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, mtu mzima anapanda kwa mikono na miguu. Choo chenyewe kilikuwa juu zaidi, nyuma ya migomba ya jirani. Mimi nilikuwa nikishuka alfajiri kwenda kufundisha Musaga, na jioni napanda nikiwa nimebeba maji. Nilikuwa na nguvu, sikulalamika.

Baba yako ndiye aliyekwisha. Mtu aliyekuwa nyapara wa makuli bandarini, akiita jina lako kutoka kwenye ghala unasikia hadi barabarani, alianza kuzungumza nusunusu, akivuta pumzi katikati ya neno. Miguu ikavimba. Hospitali wakasema ni moyo, umechoka, maji yanaingia mapafuni. Wakampa vidonge, wakasema pia, "Huyu mzee asikae mlimani. Akae mahali tambarare, karibu na barabara." Walisema kirahisi hivyo hivyo, kana kwamba mahali tambarare panauzwa dukani.

Kuna asubuhi moja alizidiwa. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Nilipita mlango kwa mlango nikiomba wanaume, wakaja wanne, wakamlaza kwenye ingobyi ile ya majirani, ile wanayobebea wagonjwa mabegani. Mvua ilikuwa imenyesha. Nusu ya njia mmoja akateleza, ingobyi ikapinduka, na baba yako akabiringika kwenye tope mpaka kwenye ua wa watu. Walikuwa wanakunywa chai. Mwanamke mmoja akacheka. Sidhani alicheka kwa ubaya, kuna watu wakiona jambo la kutisha hucheka. Lakini baba yako alimsikia. Mmoja wa wale wabebaji akasema, "Huyu mzee ni muzito kama gunia ya simenti," naye alisikia hilo pia, yeye aliyekuwa akiwahesabia wanaume magunia.

Alilazwa, akapona kidogo, akarudi. Siku ile ile ya kurudi, akiwa amekaa kitandani ameegemea ukuta, maana kulala chali hakuweza tena, alinishika mkono akasema, "Mama Zaina, siku nyingine nikizidiwa usiite mutu. Funga mulango, ukae na mi. Sitaki tena kubebwa kama mbuzi ya soko." Nikamwambia aache maneno hayo. Akasema, "Niapie." Alikuwa akilia, Zaina. Baba yako. Nikaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu.

Hilo hukulisikia saluni. Saluni walikuambia habari ya mkebe tu.

Basi, komisheni. Ulikuwa umesikia kwamba serikali ina nyumba Ngagara, zile za zamani za kartiye, mitaa yenye namba, na kwamba komine, ile serikali ya mji, imeunda komisheni ya kuzigawa kwa watu waliopoteza makazi. Walikuwa na madaraja yao. Mgonjwa ambaye makazi yake yanahatarisha uhai anapewa "priorite ya kwanza". Niliandika maombi, nikaambatanisha karatasi za hospitali, nikapiga pasi shati jeupe la baba yako, tukaenda.

Kama unataka kujua kosa langu, ni lile shati. Lile na adabu. Nilimsafisha mgonjwa wangu mpaka akafanana na mtu mzima wa afya. Akatembea kutoka barabarani mpaka ofisini akiwa amebana meno, akakataa kiti, akasalimia kila mtu kwa mkono. Dokta wa komisheni alikuwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa. Hakumgusa. Alimuuliza, "Mzee, unajisikia aje?" Na baba yako, mbele ya wanaume wenzake, akajibu, "Niko sawa, dokta. Ni pumzi tu kidogo, sababu ya vumbi."

Nilikuwa nimekaa pale pale. Nilimwangalia. Nilinyamaza, maana nililelewa kwamba mume akisema, mke hasahihishi mbele ya watu. Nilidhani karatasi zitasema zenyewe. Karatasi hazikusema kitu. Uamuzi ulitoka: daraja la tatu. Sababu: "Mgonjwa anatembea mwenyewe." Daraja la tatu maana yake ni kungoja mpaka wanao wapate wajukuu.

Nilirudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka. Nilimwambia baba yako, "Umewadanganya watu, sasa utakufa na shati lako jeupe." Akasema, "Bora hivyo." Tukakaa siku nyingi bila kusema neno la maana. Wewe ulikuwa Gitega, unasoma vitabu vyako vya sayansi.

Kulikuwa na njia ya rufaa, wao wanaita rekuri. Unaandika kwamba hukubaliani, unaitwa, unakaa mbele ya komisheni nzima unajieleza. Jirani zetu walinicheka. Walisema hakuna mtu aliyewahi kushinda, nyumba zote zina wenyewe, mashemeji na wajomba. Nikaandika vivyo hivyo. Baba yako alikuja kwa sababu barua ya kuitwa ilisema mgonjwa awepo, lakini ilipofika zamu yetu wakamwambia angoje nje kwenye benchi. Wakaniita mimi. Mlango wakauacha wazi kwa sababu ya joto, na kwenye mabenchi kulikuwa na watu wamejaa mpaka uani. Mlango huo ndio uliopeleka habari Buyenzi, mpaka saluni kwenu.

Bwana Anselmi, yule rais wa komisheni, alikuwa anakula karanga. Akasema bila kuinua macho, "Madamu, hapa kila mutu analeta mugonjwa. Huyu wako nilimuona na macho yangu. Aliingia na miguu yake."

Nikaanza kwa upole. Nikasema mlima ni mrefu, hospitali walishauri. Akasema, "Bujumbura yote iko na milima." Wakacheka kidogo. Nikasema choo kiko mbali, akienda huko hukatika pumzi, inabidi atumie mkebe. Hapo ndipo yule mama aliyekaa kushoto, mwenye hereni kubwa, akaweka kalamu chini akauliza, "Sasa mutu akikojoa mu mukebe, hiyo ni shida ya nyumba ao ni shida ya mukebe?"

Watu wa kwenye mabenchi walicheka mpaka nje. Na mimi nikajua baba yako amesikia, na kwamba heshima yake niliyokuwa naifunika kwa miezi yote ile imekwisha kuchukuliwa, imepotea bure, bila chochote mkononi. Kama nimeshaipoteza, basi na iwe na faida. Ndivyo nilivyofikiri, Zaina. Sikufikiri jambo jingine la busara kuliko hilo.

Nikasimama. Nikasema kila kitu. Nikasema hivi, nakumbuka kila neno: "Mumeandika eti anatembea. Anatembea mbele yenu kwa sababu anaona haya. Nyumbani analala amekaa. Mi ndo namuosha. Usiku analia kama mutoto. Walimubeba wakamuangusha mu matope, na sasa ameniapisha kwa Mungu, akizidiwa nisiite mutu. Nifunge mulango, afe. Mi nimeapa. Sasa mutuambie nyinyi. Nishike kiapo ao nivunje?"

Hakuna aliyecheka. Bwana Anselmi alikuwa ameshika karanga moja, hajaila. Nikageuka, na baba yako alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alinitazama. Sitakueleza alivyonitazama, hiyo ni yangu. Akavaa kofia yake akaondoka. Kupitia dirishani nilimwona akifika kwenye nguzo ya umeme, akaishika, akainama kutafuta pumzi, na watu wakimpita.

Sikumfuata. Nilikuwa sijamaliza.

Nikawaambia, "Dokta wenu apande Kinanira. Kwa miguu. Amupime kule anakoishi, si hapa." Yule mama wa hereni akasema komisheni haina utaratibu huo. Nikakaa chini kwenye sakafu. Mimi, mwalimu, na kitambaa changu cha kichwa kizuri, sakafuni. Nikasema sitoki. Wangeweza kuniita polisi, na nadhani walijadili hilo kwa Kifaransa wakidhani sisikii. Mwishowe Bwana Anselmi akasema, "Haya, haya, atakuja. Simama, unatuletea aibu." Aibu yao waliiona haraka sana.

Dokta alikuja kweli, wiki iliyofuata. Viatu vilikuwa havina rangi tena. Alifika mlangoni kwetu akashindwa hata kusalimu, akakaa kwenye kizingiti anahema. Baba yako alikuwa ndani, ameugeukia ukuta, alishaniambia kwamba hatamvulia shati mtu yeyote. Yule kijana alipopata pumzi akauliza, "Mzee, na we unapanda hapa?"

Kisha baba yako akasema, bado ameugeukia ukuta, "Mi sipandi tena. Nikipanda ni juu ya migongo ya watu."

Akageuka, akafungua vifungo mwenyewe. Dokta alimsikiliza kifuani muda mrefu. Akabonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Aliposhuka nilimsindikiza kidogo. Akaniambia, "Angesema hivyo mwanzo, tusingefika huku." Nikamwambia, "Ungemugusa mwanzo, tusingefika huku." Hatukuagana.

Sasa wewe unakwenda kusomea uuguzi. Watakuja kwako wanaume wamepigiwa mashati pasi na wake zao, watakuambia ni vumbi tu. Waguse. Sina la kukufundisha zaidi ya hapo kuhusu kazi yako, na hilo nimelilipia.

Uamuzi ulibadilika. Priorite ya kwanza. Bwana Anselmi alinipa ufunguo kwa mkono wake akasema, "Unaona, madamu? Komisheni iko na huruma." Nikauchukua ufunguo. Nilikuwa na neno mdomoni, nikalimeza kwa sababu ufunguo ulikuwa bado karibu na vidole vyake.

Na kuna jambo jingine usilolijua, nakuandikia ili usidhani najiona shujaa. Nilipotoka na ule ufunguo, uani kulikuwa na mwanamke wa Musaga, mjane, mama wa mtoto mwenye kifafa. Nilimfahamu kwa sura, watoto wake wawili wamepita darasani kwangu. Nyumba ile ilikuwa yake. Walikuwa wamemwambia aje wiki hiyo kuchukua ufunguo. Alinitazama mkononi akasema, "Mwalimu, umejua kulia kuliko mimi." Akatema mate chini, karibu na viatu vyangu, akamshika mtoto wake mkono akaenda.

Sikumrudishia nyumba yake. Nilirudi Kinanira nikafunga vitu vyetu. Usiku ule sikulala, kisha nikahama vilevile. Huku Ngagara, barabara ya pili kutoka kwetu, kuna nyumba mbili zimefungwa kufuli tangu tulipofika. Mwenyewe ni shemeji wa mtu, anazingoja bei ipande. Kila nikipita pale namkumbuka yule mama, na najua kabisa ni nani wa kumchukia. Si yeye, na si mimi. Watu walioweka wagonjwa wawili mbele ya mlango mmoja wakakaa wakala karanga, hao ndio. Ukitaka kubeba hasira kwenda nayo Kigoma, beba hiyo. Ina mahali pa kwenda. Hiyo uliyonayo juu yangu haina.

Nyumba unaijua. Vyumba viwili, ukuta wa nyuma una unyevu, jirani anapiga redio mpaka inakereketa. Lakini ukifungua mlango, unakanyaga ardhi iliyo sawa. Mwezi wa kwanza baba yako alifika kwenye lango. Wa pili, akafika kwenye duka la yule Mwarabu pale kona, ambaye humtolea kigoda bila kuulizwa, wakakaa wakiwasema wanasiasa. Sasa anafika msikitini. Analala amelala, kama watu. Alizidiwa mara moja, unakumbuka, ulikuwa umeshamaliza shule. Teksi ilisimama mlangoni, akaingia mwenyewe, akafunga mlango wa gari mwenyewe. Wewe ulikuwa umekaa naye nyuma. Ulidhani teksi ilifikaje pale?

Hasemi nami. Hilo unalijua kuliko mtu yeyote, maana wewe ndiye njia. "Zaina, mwambie mama yako chai imezidi sukari." "Zaina, muulize mama yako ufunguo uko wapi." Na mimi nimesimama pale pale, nasikia. Wewe unageuka kunitazama kwa macho yale, unasubiri niseme nimeumia. Naumia. Niliolewa na mtu mwenye sauti, na sauti yenyewe niliipenda kabla sijampenda mwenyewe. Lakini niliambiwa nichague, na waliponiambia nichague hukuwepo, wala yeye hakutaka kuwepo. Nilichagua awe hai na anichukie. Wakiniita kesho tena mbele ya komisheni ile, na mlango uwe wazi, na watu wawe wengi maradufu, nitasema maneno yale yale, ila nitaanza nayo mapema.

Ulisema nilimvua nguo. Waliomvua ni wale waliotaka kuona kabla hawajaamini. Mimi nilikuwepo tu, na nilijua vifungo viko wapi. Siku moja utakuwa na mtu wako, utajua vifungo vyake, na utatamani usivijue.

Nasikia watu wa sala ya alasiri wanatoka. Ninafupisha.

Kuanzia kesho, meli ikishaondoka, nyumba hii itakuwa na watu wawili na hakuna wa kupitishia maneno. Sijui tutaishije. Labda atajifunza kuniandikia kwenye ukuta. Labda atakwenda kuniagiza chumvi kupitia kwa Mwarabu. Sikuombi unisamehe, na sikuombi uniandikie, najua hutaandika, na ukiandika utaandika mistari miwili mikavu kama ya ofisini.

Mwandikie baba yako. Mweleze chuo, shangazi, bei ya samaki, mvua, chochote. Baba yako hajui kusoma barua kimyakimya, hajawahi, huisoma kwa sauti ile ya bandarini hata kama yuko peke yake chumbani. Andika ndefu. Mimi nitakuwa jikoni.

Mama yako